Povu la Unyambwa

Kopo la Tanga lilikuwa limebakiza nyuso kumi na tisa. Abdulrazaki hakukisia. Uso mmoja hula krimu ya kunyolea nusu kijiko cha chai, na siku ya kwanza ya mfungo alikuwa amelikomba kopo lote, akapima, akarudisha. Wazee waliokuwa wakinyolewa kwake kwa brashi na wembe walikuwa ishirini na wawili, na ingawa wengi wao hawanyoi katikati ya mfungo, kila mmoja hutaka kuiona Idi akiwa na mashavu laini. Hesabu ilikuwa haitoshi hata kwa Idi hiyo moja.

Saluni yake iko mjini, mtaa wa Utemini, chumba kimoja chenye viti viwili. Kiti cha mlangoni ni cha Calist, fundi wa mashine, ambaye humaliza vichwa vinne wakati Abdulrazaki yuko kwenye kidevu kimoja. Kiti cha ndani, kile kizito cha chuma alichoachiwa na baba yake, ni cha ndevu tu. Mzee wa Tanga aliyekuwa akitengeneza ile krimu alifariki mwezi wa Rajabu na hakuacha mtu wa kuendeleza kazi. Abdulrazaki akajaribu povu la dukani, lile la kubonyeza. Wazee watatu wakatokwa na vipele shingoni. Akajaribu sabuni ya kuogea; ikakauka kabla wembe haujavuka shavu. Ndipo akamwambia Calist waziwazi kwamba kopo likiisha kabla hajapata kingine cha kushika nafasi yake, kiti cha chuma kitatoka, na Calist amlete mwenzake mwenye mashine.

"Na wewe utafanya nini, mzee?"

"Nitakaa nyumbani nifuge ndevu."

Alisema bila kucheka, na Calist akabaki hajui kama acheke.

Habari hizo zilifika Unyambwa, nje ya mji, kwa mama mkwe wake, Bi Johari. Bi Johari alikuwa akipika sabuni tangu mkewe Abdulrazaki, Radhia, hajazaliwa. Huchoma mabua ya alizeti, huchuja maji ya majivu yake, huyachanganya na mafuta ya alizeti na ya ng'ombe, na kinachotoka si kipande kigumu bali ni uji mzito unaong'aa. Bila kuombwa, akatuma kopo moja kupitia kwa Radhia.

Kupitia kwa Radhia, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, wala hawatazamani usoni. Katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa, Abdulrazaki alikuwa ameshasema "shikamoo mama" mara nyingi akiwa nje ya uzio wa minyaa, na kuitikiwa "marahaba baba" kutoka ndani. Mengine yote hupita kwa Radhia, kama maji yanavyopita kwenye chujio.

Abdulrazaki alikuwa na utaratibu wake wa kupima. Kwanza povu: krimu nusu kijiko, maji ya moto vijiko vitatu, brashi izungushwe mara sitini ndani ya bakuli. Kisha sarafu ya shilingi mia inalazwa juu ya povu na saa ya simu inaanza kuhesabu. Sarafu ikizama kabla ya dakika tano, krimu imeshindwa, maana dakika tano ndizo wembe unazohitaji kutoka sikio moja hadi jingine. Krimu ya Tanga iliibeba sarafu dakika nane.

Baada ya povu ni harufu, nayo hunuswa mara tatu. Mara ya kwanza ni kwenye kopo, ambako karibu kila kitu hunukia. Mara ya pili ni kwenye povu la moto. Mara ya tatu ni kwenye ngozi, robo saa baada ya kufutwa, wakati mwenye uso ameshasahau kwamba alipakwa kitu. Hiyo ya tatu ndiyo hukumu. Mfungo nao ulimsaidia: pua ya mtu mwenye njaa haidanganyiki kirahisi.

Kopo la kwanza la Unyambwa lilinukia vizuri. Mchaichai, na kwa mbali nta ya nyuki. Povu lilipanda haraka, jeupe, la kutia moyo, na kwa nusu dakika Abdulrazaki aliona kama tatizo limekwisha. Kisha likaanza kulegea. Vipande vidogo vikajitenga kama maziwa yaliyokatika. Sarafu ilizama kwenye dakika moja na sekunde arobaini.

Shavu la majaribio lilikuwa la Mzee Gervas, karani mstaafu wa reli aliyehamia Unyambwa kutoka Manyoni, jirani wa Bi Johari kabisa. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikuwa zimekwenda sambamba, na Mzee Gervas, aliyekuwa ameacha nyama na pombe, alijiona naye ana haki ya kulalamika.

"Mbona wembe unakwaruza?"

"Povu limekufa."

"Basi lizike, unimalizie kwa la Tanga."

Akamalizia kwa la Tanga. Nyuso zikabaki kumi na nane. Robo saa baadaye aliinama kwenye shavu ambalo halikuguswa na krimu ya Tanga, akanusa. Mchaichai ulikuwa umeondoka. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo: harufu ya mashudu, yale makapi ya alizeti baada ya kukamuliwa, yakiwa yamekaa siku nyingi kwenye gunia.

Jioni, baada ya futari, alimpa Radhia matokeo. "Mwambie mama: povu dakika moja na sekunde arobaini, linakatika vipande. Harufu ya kwanza na ya pili zimepita. Ya tatu imeshindwa, mafuta yamechacha."

"Sawa," alisema Radhia.

Kopo la pili lilikuja baada ya siku nne. Mchaichai ulikuwa mkali zaidi. Povu, dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Harufu ya mwisho, mashudu. Abdulrazaki akatoa matokeo tena, kwa maneno yale yale. Siku ya kumi na mbili likaja kopo la tatu, na alipofungua kifuniko, Calist aligeuka kutoka kwenye kiti chake.

"Nani anapika chai mchana wa Ramadhani?"

Mzee Gervas, tayari amefungwa taulo shingoni, alivuta pumzi mara mbili. "Abdulrazaki, sema kweli. Unaninyoa au unanitia sukari?"

Sekunde thelathini na nane juu ya dakika moja. Mashudu yale yale, ila safari hii yalichelewa kujitokeza kwa dakika chache.

Hapo Abdulrazaki aliacha kufikiria krimu, akaanza kufikiria taarifa. Mtu aliyeambiwa kwamba povu linakatika angeshughulika na povu. Mtu aliyeambiwa kwamba mafuta yamechacha angebadilisha mafuta. Bi Johari hakuwa amefanya hata moja. Alikuwa ameongeza mchaichai, mara mbili. Mpishi wa miaka hamsini hafanyi hivyo kwa bahati mbaya.

Jioni hiyo alimuuliza mkewe, "Mama Hanifa, ulimwambia mama nini hasa?"

"Ulichosema."

"Nitajie maneno yenyewe."

Radhia aliendelea kukusanya vikombe. "Nilimwambia mkwe wako ameshukuru sana. Amesema harufu ni nzuri mno. Povu nalo zuri, labda ungeongeza kidogo."

"Uongeze nini?"

"Kidogo tu. Sikusema nini."

"Naye akaongeza kile ulichokisifia."

"Sasa wewe ulitaka niseme nini, Baba Hanifa? Nikasimame mbele ya mama yangu, amefunga, miaka sabini na mbili, nimwambie povu lako limekufa kwa sekunde kadhaa na mafuta yako yananuka? Mwanamke aliyekuzalia mke?"

"Sikusema yananuka. Nilisema yamechacha."

"Ah! Tena hilo ndilo zuri?"

Abdulrazaki hakukasirika. Aliona mantiki yake, na aliona pia kilichotokana nayo: makopo matatu, siku kumi na mbili, na nyuso kumi na nne tu za kopo la Tanga. Radhia hakuwa mwongo. Alikuwa anafanya kazi aliyofundishwa na nyumba zote mbili, ya kupeleka neno likiwa limevuliwa miiba. Kwa salamu na shukrani, kazi hiyo haina dosari. Kwa povu, ni hasara.

Siku ya kumi na nne ya mfungo, asubuhi, alifunga kwenye mfuko bakuli, brashi, sarafu, kopo la tatu na chupa ya lita moja ya maji ya bomba ya dukani kwake, kwa kuwa hakupenda kupima kitu kimoja kwa maji mawili. Akapanda bodaboda yeye na nyingine mkewe, wakaenda Unyambwa.

"Shikamoo mama," alisema akiwa nje ya minyaa.

"Marahaba baba. Karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Kuna kipimo."

Kisha Radhia akatumwa na kigoda, kikawekwa nje ya ukuta wa jiko, upande wa kivuli. Bi Johari alibaki ndani ya jiko. Radhia akasimama mlangoni, katikati, mwenye kuwaona wote wawili.

"Mwambie mama," alianza Abdulrazaki, "kopo la tatu limebeba sarafu dakika moja na sekunde thelathini na nane."

Radhia aligeuka ndani. "Mama, mkwe wako anasema povu zuri, ila kidogo tu—"

Mwiko uligonga sufuria.

"Radhia. Mimi ni kiziwi?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa hapo unyamaze." Sauti ikasogea karibu na ukuta. "Sarafu gani?"

Abdulrazaki alimtazama mkewe. Mkewe alitazama chini. Desturi ilikataza macho na ilikataza chakula. Macho yalikuwa yamezuiwa na ukuta, na chakula na mfungo. Kuhusu sarafu haikuwa imesema lolote.

"Ya mia, mama."

"Unailaza au unaiangusha?"

"Nailaza."

"Vizuri. Mimi huchomeka kijiti cha bua. Hiki cha kopo la tatu kilisimama mpaka nikamaliza kuosha vyombo vya daku. Hizo si dakika moja. Kwa hiyo mmoja wetu amekosea, na mimi sijaona kosa langu. Maji gani?"

"Ya bomba ya dukani. Nimekuja nayo."

"Birika la dukani kwako lina ukoko ndani?"

"Mweupe. Mnene kama ukucha."

"Langu halina," alisema Bi Johari. "Mimi natumia maji ya mvua, ya kwenye tangi. Tangu nihamie hapa sijapika sabuni kwa maji mengine, wala kuijaribu kwa mengine."

Abdulrazaki aliigeuza brashi mkononi. Makopo matatu alikuwa ameyapima kwa umakini wote, kila hatua sawasawa, na kitu kimoja ambacho hakuwahi kukibadilisha ndicho hakuwahi kukiuliza. Aliomba kikombe cha maji ya tangi, yachemshwe. Kikaja kwa mkono wa Radhia. Nusu kijiko, vijiko vitatu, mizunguko sitini. Povu likasimama kama pamba iliyochambuliwa. Akalaza sarafu.

Walikaa hivyo, mmoja kila upande wa ukuta, wakingoja. Kwenye dakika ya tatu Radhia alichoka kusimama, akaketi kizingitini. Kwenye dakika ya tano Bi Johari aliuliza, "Ipo?" akajibiwa, "Ipo." Ilizama kwenye dakika ya saba na sekunde nne.

Kisha akarudia kwa maji ya chupa. Dakika moja na sekunde arobaini. Bakuli likapelekwa ndani Bi Johari aone vile vipande kwa macho yake.

"Chumvi," alisema. "Maji yenu ya mjini yana chumvi. Basi krimu yangu haina kosa."

"Ya Tanga iliyavumilia maji hayo hayo, mama."

"Ya Tanga ilikuwa ya nini?"

"Ya nazi."

"Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Wewe, hapo ulipokaa, unaona mnazi?"

"Sioni."

"Unaona tangi?"

Aliliona. Lita elfu mbili, limejaa mpaka kwenye kifuniko, maana mvua za mwaka huo zilikuwa nzuri. Alipiga hesabu: uso mmoja hauhitaji zaidi ya robo lita, pamoja na kusuuza brashi. Wazee ishirini na wawili, kila mmoja mara moja kwa wiki, ni lita tano na nusu. Dumu moja la lita ishirini lingetosha wiki tatu na siku kadhaa. Kiangazi chote kisingemaliza hata robo ya tangi.

"Nitaleta dumu," alisema.

"Lete lenye mfuniko. Na harufu?"

Radhia aliinua kichwa, akamtazama mumewe kwa macho ambayo hayakuhitaji tafsiri. Abdulrazaki aliyaona. Alijua kwamba jambo la maji lilikuwa rahisi, kwa kuwa maji hayana mama. Hili lilikuwa la mikono ya mwenye nyumba, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Angeweza kusema imepita, akaondoka na krimu yenye povu la dakika saba, na kiti cha chuma kikabaki mahali pake. Lakini baada ya robo saa mzee fulani angetoka msikitini ananukia mashudu, na angerudi mara moja tu, kulalamika.

"Kwenye kopo inanukia, mama. Kwenye povu inanukia. Kwenye ngozi, robo saa baadaye, mchaichai unaondoka. Kinachobaki ni mashudu. Mafuta yamechacha."

Kuku alipita. Radhia alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Hata kwenye kopo la tatu?" aliuliza Bi Johari.

"Yalichelewa. Lakini yalikuja."

"Dakika ngapi?"

"Kama kumi na nane."

Kutoka ndani ulisikika mguno, na si wa mtu aliyeudhika. "Nilijua. Mafuta ni ya msimu uliopita, yamekaa kwenye ndoo tangu mwezi wa sita. Niliyanusa nikajiambia, labda ni pua yangu, imezeeka. Radhia aliposema harufu nzuri mno, nikasema basi, ni pua. Lakini bado nikawa nayasikia. Nikaongeza mchaichai niyafukuze." Akakoroga sufuria mara moja. "Kila anayekuja hapa anasema nzuri, mama, nzuri. Mtu akishazeeka, kila kitu chake kinakuwa kizuri. Utajuaje sasa kama bado unajua kazi?"

"Pua yako iko sawa, mama," alisema Abdulrazaki. "Imekwenda na yangu hatua kwa hatua."

"Mbegu ninazo gunia mbili, ganda lake zima. Nitapeleka zikamuliwe leo leo. Mchaichai naurudisha kama wa kopo la kwanza?"

"Pungufu kidogo ya la kwanza."

"Kidogo ni kiasi gani? Usianze na wewe."

"Robo pungufu."

"Haya."

Njiani kurudi, Radhia alisimamisha bodaboda yake kwenye kona akamsubiri. "Miaka ishirini na mmoja," alisema, "nakuwa kama daraja lenu. Kumbe mlikuwa mnaweza kupita chini."

"Daraja tutalihitaji bado. Kwa salamu."

"Nyie wawili mngeoana wenyewe," alisema Radhia, akacheka, akamwambia dereva aondoke.

Kopo la nne lilifika siku ya ishirini na saba, kwa kuwa krimu iliyopikwa lazima ipumzike siku kadhaa kabla haijagusa ngozi. Dumu lilikuwa limeshatangulia. Kopo la Tanga lilibakiza nyuso nne. Mzee Gervas alikaa kwenye kiti cha chuma, akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Dakika saba na sekunde kumi. Kwa ajili ya haki, Abdulrazaki alipima pia ya Tanga kwa maji ya mvua: kumi na moja. Ya Unyambwa haikuwa sawa nayo, na hakujiambia kwamba iko sawa. Ilivuka tano, na hicho ndicho kilichotakiwa. Wembe ulipita shavuni bila sauti. Robo saa baadaye aliinama akanusa, akasubiri, akanusa tena kwenye dakika ya ishirini. Nta, na mchaichai mdogo kama jani lililokunjwa mkononi. Hakuna kingine.

"Nimepona?" aliuliza Mzee Gervas.

"Umepita."

Calist, bila kuzima mashine yake, alisema, "Basi yule jamaa yangu nimwambie atafute chumba kingine?"

"Mwambie."

Jioni Radhia alipeleka matokeo Unyambwa, namba kama zilivyo, na kwa mara ya kwanza bila kuongeza chochote. Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa, wazee wakiwa wameshaanza kujipanga kwenye benchi la nje, alirudi na jibu. Alisimama mlangoni, akasafisha koo.

"Mama anasema hivi, nami nasema kama alivyosema. Mzee Gervas alipita kwake juzi. Harufu ameisikia mwenyewe, imepita. Ila chini ya kidevu, upande wa kushoto, umeacha ndevu tatu. Anasema krimu yake haikuwa na kosa hapo."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Gervas, aliyekuwa amekuja kupiga soga tu, alijishika kidevu.

"Siku hizi uso wangu una wakaguzi wawili?"

"Kaa," alisema Abdulrazaki.

Alimgeuza shingo kuelekea kwenye mwanga wa mlango, akavaa miwani, akaangalia kwa makini chini ya taya, upande wa kushoto. Kisha akamwita mkewe kabla hajafika barabarani.

"Mwambie mama si tatu," alisema. "Ni nne."